Kupitia na Kurekebisha Mitaala ya Shahada ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wakuu wa idara, wahadhiri walioteuliwa kwenye kamati za mitaala, na wanafunzi wanaosikia kwamba shahada yao inapitiwa bila kuambiwa zaidi ya hapo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mapitio mengi hushindwa kwa sababu hujua kuongeza tu. Kinachopaswa kulindwa ni muda wa mwanafunzi, na muda huo una kikomo.

Kwa nini tupitie programu ambayo haina matatizo?

Kwa sababu mara nyingi tunaposema haina matatizo tunamaanisha hakuna aliyelalamika kwa sauti. Programu hubadilika hata pasipo kikao chochote kuamua. Mhadhiri anastaafu, anayerithi kozi yake anafundisha zaidi upande anaoujua. Mwingine anaongeza mada mbili kwa sababu alihudhuria kongamano zuri. Wa tatu anaacha sehemu ya vitendo kwa kuwa vifaa vya maabara vimeharibika. Miaka mitano ikipita, kinachofundishwa darasani na kilichoandikwa kwenye hati ya mtaala ni vitu viwili tofauti. Kazi ya kwanza ya mapitio ni kujua programu ilivyo kweli, kabla ya kujadili itakavyokuwa.

Mapitio yafanyike kila baada ya miaka mingapi?

Vyuo vingi hufuata mzunguko wa miaka mitatu hadi mitano, au muda uliowekwa na mamlaka ya ithibati ya nchi yao, yaani chombo kinachoidhinisha programu za vyuo. Kwa shahada ya miaka minne, mzunguko wa miaka mitatu una kasoro: mnabadilisha mtaala ambao haujatoa hata mhitimu mmoja. Miaka mitano inawaachia angalau kundi moja lililoanza na kumaliza chini ya mtaala uleule. Nyanja zinazokwenda mbio, kama sayansi ya kompyuta, zisitegemee mzunguko mkubwa peke yake. Ziwe na marekebisho madogo kila mwaka.

Marekebisho madogo na makubwa yanatofautianaje?

Kila chuo kina kanuni zake, ila mpaka kwa kawaida unakaa hapa. Kubadilisha vitabu vya rejea, mpangilio wa mada au mgawanyo wa alama ndani ya kozi ni jambo dogo, na aghalabu huishia kwenye bodi ya kitivo. Kubadilisha jina la shahada, sifa za kujiunga, muda wa masomo, matokeo ya ujifunzaji ya programu nzima (yale ambayo mhitimu anapaswa kuweza kuyafanya) au idadi kubwa ya kozi za lazima ni jambo kubwa, na hupanda hadi seneti na mara nyingi hadi kwa mdhibiti wa nje.

Jihadharini na ujanja wa kupitisha jambo kubwa vipandevipande, kozi mbili mwaka huu na tatu mwaka ujao. Mwishowe chuo kinajikuta na shahada mpya ambayo hakuna aliyewahi kuitazama nzima.

Tukusanye ushahidi gani kabla ya kuanza kuandika?

Hapa ndipo ningetumia nguvu nyingi kuliko mahali pengine popote. Kamati nyingi huanza na hati ya zamani, zikafuta sentensi hii na kuongeza ile. Anzeni na mambo haya.

Matokeo ya mitihani ya kila kozi kwa miaka kadhaa. Msitazame wastani pekee. Tazameni ni wapi wanafunzi wanapata sapu (mtihani wa marudio baada ya kufeli) kwa wingi, ni kozi ipi inayobebwa bila kufaulu hadi mwaka wa mwisho, na wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, wanadiskia muhula gani. Kozi moja ya mwaka wa kwanza inayoangusha theluthi ya darasa kila mwaka haithibitishi kwamba wanafunzi ni wavivu. Huenda inadai msingi ambao sifa za kujiunga hazikuutaka, au imewekwa muhula mmoja kabla ya kozi ambayo ingeisaidia.

Karatasi zenyewe za mitihani. Zitandazeni mezani, za mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, mzisome mfululizo. Mtaala unaweza kusema mhitimu atachambua na kubuni, halafu mitihani ya miaka minne ikawa inaanza na maneno “taja” na “eleza”. Wanafunzi husoma kwa kufuata mitihani, kwa hiyo karatasi hizo ndizo zinazoonyesha mtaala mlio nao.

Taarifa za watahini wa nje. Mara nyingi hushukuriwa kwenye kikao na kuwekwa kabatini. Zichukueni za mizunguko yote iliyopita na muangalie ni lalamiko gani linarudi.

Wahitimu, hasa waliomaliza miaka mitatu hadi mitano iliyopita. Aliyemaliza juzi bado anakumbuka mitihani, na aliyemaliza miaka ishirini iliyopita alisoma programu nyingine kabisa. Waliopo katikati wanajua kipi kiliwafaa kazini na kipi walilazimika kujifunza upya wenyewe.

Na hali halisi ya maabara, maktaba, studio na vituo vya mafunzo kwa vitendo. Abraham Flexner, ambaye taarifa yake ya 1910 ilibadilisha elimu ya udaktari Marekani na Kanada, hakutosheka na vitabu vya maelezo vya vyuo. Alivizuru vyuo 155, akaangalia sifa za kujiunga, walimu, fedha, maabara na kama wanafunzi wanafika kweli kwenye hospitali za kufundishia. Vyuo vingi vilivyojisifu kwenye karatasi havikuwa na cha kuonyesha. Kamati ya idara haina haja ya safari ndefu namna hiyo. Kutembea hadi maabara na kuuliza ni vifaa vingapi vinafanya kazi kunatosha.

Waajiri wasikilizwe kwa kiasi gani?

Wasikilizwe kwa makini, lakini wasikabidhiwe kalamu. Mwajiri anaijua kazi ya leo, na mara nyingi atataja programu ya kompyuta au mashine anayoitumia sasa. Mhitimu wenu atafanya kazi miongo kadhaa na vifaa hivyo vitabadilika mara nyingi. Swali lenye manufaa kwa mwajiri ni hili: mhitimu mpya anapokwama wiki zake za kwanza kazini, anakwama wapi? Majibu huzunguka mambo yaleyale, kuandika ripoti inayoeleweka, kushika tatizo ambalo halijapangwa vizuri, kufanya kazi na watu wa fani nyingine. Hayo hayapatikani kwa kuongeza kozi yenye jina la programu ya kompyuta.

Na wanafunzi?

Mwakilishi mmoja aliyekaa kimya mwisho wa meza si ushirikishwaji. Kutaneni na wa mwaka wa pili na wa mwaka wa mwisho, kila kundi peke yake, bila wahadhiri wao kuwapo. Maswali mawili yanatosha kuanzia: ni wapi mlifundishwa jambo mlilokwisha kufundishwa? Ni wapi mlidaiwa kujua jambo ambalo hakuna aliyewafundisha? Majibu yake yatawafaa kuliko dodoso la kurasa kumi.

Matokeo ya ujifunzaji yaandikweje?

Kwa vitenzi vinavyopimika. “Mwanafunzi ataelewa uchumi wa kilimo” haipimiki. “Mwanafunzi ataweza kukadiria gharama na mapato ya mradi wa kilimo na kutetea makadirio yake” inapimika. Mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake walipanga ngazi sita za ujifunzaji wa kiakili mwaka 1956, na mpangilio huo ukafanyiwa marekebisho mwaka 2001. Orodha za vitenzi zinazosambazwa vyuoni zimetokana na kazi hiyo. Zinasaidia, ila kamati nyingi huzitumia kupamba: wanachukua kitenzi cha ngazi ya juu na kukibandika kwenye kozi ambayo haijabadilika hata chembe.

Programu nzima ikiwa na matokeo sita hadi kumi inatosha. Nimesoma hati zenye matokeo zaidi ya thelathini, na hakuna mhadhiri wa programu hizo angeweza kuyataja hata nusu yake.

Ramani ya mtaala ni nini, na kuna ulazima?

Ni jedwali. Upande mmoja kuna matokeo ya programu, upande wa pili kozi zote, na kwenye kila kisanduku mnaonyesha kama kozi hiyo inaanzisha jambo, inalikuza, au inalipima mwanafunzi akiwa tayari amekomaa. Kwangu mimi ulazima upo, kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuona mashimo na marudio.

Chukulia programu inayoahidi kwamba wahitimu wataweza kufanya utafiti. Ramani inaonyesha kozi ya mbinu za utafiti muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, kisha hakuna kitu hadi mradi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi amekaa mwaka mzima na zaidi bila kushika takwimu wala kuandika swali la utafiti, halafu msimamizi anashangaa kwa nini mradi ni dhaifu. Dawa yake si kozi ya pili ya mbinu za utafiti. Kozi mbili zilizopo katikati zibadilishe kazi zao za nyumbani, moja idai uchambuzi wa data ndogo, nyingine idai mapitio ya machapisho. Hakuna krediti iliyoongezeka na shimo limezibwa.

Ramani ijazwe na wanaofundisha, wakiwa wameketi pamoja. Ikijazwa na mtu mmoja usiku mmoja, kila kisanduku kitapata alama ya vema na haitamfaa mtu yeyote.

Krediti zinahesabiwaje?

Krediti hupima muda ambao mwanafunzi wa kawaida anauhitaji kufikia matokeo ya kozi, pamoja na mihadhara, semina, maabara, kusoma peke yake na kujiandaa kwa mitihani. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30. Uingereza hutumia krediti 120 kwa mwaka, kila moja saa 10. Shahada ya kwanza Ulaya huwa krediti 180 au 240. Mfumo wowote mtakaoutumia, hesabu ifanyike kweli.

Tuifanye hapa, kwa saa 10 kwa krediti. Kozi ya krediti 15 ni saa 150. Muhula wa wiki 15 wenye saa tatu za mihadhara na saa moja ya semina kila wiki unatumia saa 60. Zinabaki saa 90, yaani saa sita kwa wiki za kusoma, kuandika na kujiandaa. Kozi nne za namna hiyo ni saa 40 kwa wiki, na hiyo ni kazi kamili ya mtu mzima.

Sasa angalieni idara inayompa mwanafunzi kozi saba kwa muhula, kila mhadhiri akiichukulia kozi yake kana kwamba ndiyo pekee na kudai saa kumi kwa wiki. Hizo ni saa 70. Mwanafunzi hawezi, kwa hiyo anachagua: anasoma slaidi, anakariri maswali ya miaka iliyopita, ananakili kazi za nyumbani. Tunamlaumu kwa kusoma juujuu wakati ratiba tuliyompa haikumwachia njia nyingine.

Tunaamuaje kozi ya kuondoa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ugumu wake hauko kwenye taaluma. Kila kozi ina mwenyewe. Kuna aliyeibuni, aliyeandikia kitabu, anayehesabiwa kwayo mzigo wake wa kufundisha. Mwamba ngoma huvutia kwake, na katika kikao cha watu kumi kila mmoja atatetea ya kwake kwa hoja nzuri. Matokeo yake ni mtaala ulionenepa: kozi mpya tano zimeingia, hakuna iliyotoka.

Kinachosaidia ni kukubaliana masharti kabla ya kutaja kozi yoyote. Sharti la kwanza, jumla ya krediti haitaongezeka. Anayependekeza kozi mpya apendekeze pia nafasi itakayotoka. La pili, kila kozi ya lazima ijibu swali moja: mhitimu akiikosa, ni tokeo gani la programu halitafikiwa? Kama jibu halipatikani kwenye ramani, kozi hiyo ihamie kwenye za kuchagua au iunganishwe na nyingine. La tatu, na hili mkuu wa idara alitamke mapema, hakuna atakayepoteza kazi wala cheo kwa sababu kozi yake imeunganishwa. Hofu hiyo isipotolewa mezani, mjadala wote utakuwa wa kujilinda.

Kuunganisha nako kuna mtego. Kozi mbili za krediti 10 zikigeuzwa kuwa moja ya krediti 10 huku mada zote zikibaki, hamjaondoa kitu. Mmemfinya mwanafunzi tu. Orodhesheni mada zinazoachwa na mziandike kwenye taarifa.

Kozi za kuchagua ziwe nyingi kiasi gani?

Charles Eliot, aliyeongoza Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, alifungua mlango wa uchaguzi karibu wote. Aliyemfuata, Abbott Lawrence Lowell, akairudisha nidhamu ya kila mwanafunzi kuwa na eneo moja la kuzama na maeneo mengine ya kugusa. Mvutano huo haujaisha mpaka leo. Ushauri wangu ni mdogo na wa kiutendaji: msiorodheshe kozi za kuchagua ambazo hamna wa kuzifundisha. Orodha ya kozi ishirini ambayo kila mwaka zinafunguliwa nne inamhadaa anayejiunga.

Kozi tunazofundishiwa na idara nyingine tuzifanyeje?

Wakaribisheni wanaozifundisha kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Hisabati ya wahandisi, takwimu za wauguzi na stadi za mawasiliano za kila mtu ndizo kozi ambazo wanafunzi huona hazihusiani na fani yao, na mara nyingi sababu ni kwamba hakuna aliyempa mwalimu wake mifano kutoka kwenye fani hiyo.

Upimaji unaingiaje kwenye mapitio?

Unaingia kabla ya yote. Mwaka 1996 mtaalamu wa elimu John Biggs alilieleza jambo hili vizuri: matokeo, ufundishaji na upimaji vivute upande mmoja, kwa sababu vikitofautiana mwanafunzi atafuata upimaji. Mkibadilisha mada bila kubadilisha mitihani, mmebadilisha karatasi tu.

Tangu ChatGPT, zana ya akili bandia inayoweza kuandika insha, ilipotolewa Novemba 2022, insha ya nyumbani imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuthibitisha nani amejua nini. Kurudisha kila kitu kwenye mtihani wa darasani wa saa tatu si jibu, maana mtihani huo haupimi ubunifu wala kazi ya muda mrefu. Changanyeni: mwanafunzi atetee kazi yake kwa mdomo, awasilishe rasimu zake kwa hatua, afanye kazi ya maabara mbele ya msimamizi. Pia amueni kwa maandishi ni kozi zipi zinaruhusu matumizi ya zana hizo na kwa namna gani. Utetezi wa mdomo unakula muda wa walimu, kwa hiyo utumieni kwenye kozi chache zinazobeba matokeo makuu ya programu.

Wanafunzi wanaoendelea watapatwa na nini mtaala ukibadilika?

Kanuni ya haki ni kwamba mwanafunzi amalize kwa mtaala alioanza nao, isipokuwa akubali mwenyewe kuhama na asipate hasara. Ugumu uko kwa aliyepata sapu kwenye kozi iliyofutwa, aliyeahirisha mwaka kwa ugonjwa au uzazi, na aliyehamia kutoka chuo kingine. Hawa husahauliwa kila mara, na ndio wanaozunguka ofisi hadi ofisi miaka miwili baadaye wakiambiwa kozi yao haipo kwenye mfumo.

Mpango wa mpito uandikwe pamoja na mtaala mpya, usisubiri malalamiko. Uwe na jedwali la ulinganifu linaloonyesha kozi ya zamani inatambuliwa kwa kozi gani mpya. Useme mtihani wa kozi iliyofutwa utaendelea kutolewa hadi mwaka gani. Umtaje mwenye wajibu wa kushughulikia wasioingia kwenye jedwali, kwa cheo chake. Ofisi ya usajili na watu wa mfumo wa matokeo waupate kabla ya muhula kuanza.

Idhini inapitia wapi?

Kwa kawaida idara, bodi ya kitivo, kamati ya seneti inayoshughulikia programu za shahada ya kwanza, seneti, kisha mamlaka ya ithibati inapohitajika. Fani zenye bodi za kitaaluma, kama uhandisi, udaktari na sheria, huongeza hatua nyingine. Ishirikisheni bodi mapema, maana shahada isiyotambuliwa na bodi humfungia mhitimu mlango wa kazi. Kwa uhandisi kuna pia Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao wanachama wake hutambuliana programu zilizopewa ithibati. Kupoteza ithibati nyumbani kunaweza kumfungia mhitimu na milango ya nje.

Kazi nzima inachukua muda gani?

Mwaka mmoja hadi miwili kwa mapitio makubwa. Anayewaahidi miezi mitatu anapanga kunakili.

Je, kuchukua mtaala wa chuo kinachosifika ni vibaya?

Kuusoma ni vizuri, linganisheni na mitaala kadhaa. Kuuhamisha ulivyo ni vibaya, kwa sababu ulijengwa juu ya walimu, maabara na maandalizi ya wanafunzi ambayo huenda hamnayo.

Mapitio yanaweza kuishia kwa kufunga programu?

Ndiyo, na kamati iwe na ujasiri wa kulisema. Programu isiyo na walimu wa kutosha, ambayo wanafunzi huingia kwa kukosa nafasi kwingine, haiokolewi na jina jipya. Ila idadi ndogo ya wanafunzi peke yake isiwe hukumu. Kuna fani ambazo jamii inazihitaji hata kama kila mwaka zinatoa wahitimu wachache. Ikifungwa, udahili mpya usimame na waliomo wafundishwe hadi wamalize, kwa ubora uleule.

Tutajuaje kama mtaala mpya umefanikiwa?

Msisubiri mzunguko ujao. Chagueni mambo mawili au matatu yaliyowasukuma kubadilisha, kwa mfano sapu za kozi fulani au udhaifu wa miradi ya mwisho, na mwandike hali yake ilivyo leo. Kundi la kwanza likimaliza mwaka wa pili, fanyeni kikao cha nusu siku na wanafunzi na wahadhiri wake, mkiwa na takwimu hizo mkononi. Kasoro ndogo zirekebishwe hapohapo kwa utaratibu wa marekebisho madogo. Kundi hilo likihitimu, linganisheni miradi yao na ya makundi mawili yaliyotangulia, isomwe na mtahini asiyejua ipi ni ya mtaala upi.

Nakala rasmi ikae wapi?

Mahali pamoja, ikiwa na tarehe ya kupitishwa na namba ya toleo, na mwanafunzi yeyote aweze kuisoma bila kuomba ruhusa. Nakala tatu zinazotofautiana, moja kwa mkuu wa idara, nyingine kwenye tovuti na ya tatu kwa msajili, ni chanzo cha kesi nyingi za rufaa za matokeo. Mkuu wa idara ahakikishe mara moja kila mwaka, kabla ya usajili, kwamba zote tatu zinasema kitu kimoja.